Chumvi na afya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya presha, maneno utakayoyasikia kuliko mengine yote ni "punguza chumvi". Mgonjwa anaitikia, anarudi nyumbani, na maswali yanaanzia huko: ipungue kwa kiasi gani, chumvi ipi, na watoto na wazee walio mezani wafanyeje? Ushauri mwingi unaopatikana mtandaoni umeandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, ambako karibu robo tatu ya chumvi inamfikia mlaji ikiwa tayari imetiwa kiwandani au mgahawani. Kwetu sehemu kubwa inaingia kwenye sufuria, kwa mkono wa mpishi. Majibu haya yanaanzia kwenye sufuria hiyo.

Je, mwili unahitaji chumvi?

Unahitaji. Chumvi ni sodiamu iliyoungana na kloridi, na sodiamu ni kama asilimia 40 ya uzito wake. Bila sodiamu mishipa ya fahamu haipitishi ujumbe, misuli haifanyi kazi na maji ya mwili hayakai kwa mizani yake. Ila kiasi kinachohitajika ni kidogo sana, na sehemu yake tayari imo kwenye maziwa, mayai, nyama, samaki na mboga kabla hujafungua kopo la chumvi. Mtu mwenye afya anayekula milo ya kawaida ni nadra sana kupungukiwa.

Mtu mzima ale kiasi gani kwa siku?

Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 za chumvi, yaani chini ya miligramu 2,000 za sodiamu. Hicho ni kijiko kimoja cha chai kisichojaa, kwa siku nzima, kwa vyakula vyote. Wastani wa dunia ni karibu gramu 11, zaidi ya mara mbili. Shirika hilohilo linakadiria kwamba vifo milioni 1.89 kila mwaka vinahusiana na ulaji wa sodiamu kupita kiasi, vingi vikitokana na maradhi ya moyo na kiharusi.

Nitajuaje nyumbani kwangu tunakula kiasi gani?

Hakuna anayepima chumvi ya mchuzi kwa mizani, na haina haja. Tazama paketi. Siku unayofungua paketi mpya ya nusu kilo, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Siku itakayokwisha, hesabu zimepita siku ngapi.

Hesabu yenyewe ni hii: watu wazima watano, kila mmoja gramu 5, ni gramu 25 kwa siku. Gramu 500 ukigawa kwa 25 unapata siku 20. Kwa hiyo paketi ya nusu kilo ikikwisha kabla ya siku 20 kwa watu watano, tayari mmevuka, na hapo hatujahesabu mkate, samaki wa chumvi wala chipsi za kibandani. Kama nyumba ina watoto wadogo, ilipaswa kudumu zaidi, maana wao wanahitaji pungufu ya mtu mzima. Chumvi unayooshea samaki au kulowekea mboga kisha ukamwaga maji, itoe kwenye hesabu.

Napenda njia hii kwa sababu haimnyooshei mtu kidole. Mama anasema hatii chumvi nyingi, baba anasema mama anazidisha, na paketi inamaliza ubishi. Familia nyingi zikifanya hivi hushangaa paketi imekwisha mapema kiasi gani.

Ni kweli chumvi mbichi ndiyo mbaya na iliyopikwa haina neno?

Hapana. Hili ndilo kosa ninalotamani lifutike kuliko yote, kwa sababu limewafanya watu wengi waamini wameshapunguza wakati hawajapunguza chochote. Mgonjwa anaambiwa "usiongeze chumvi mezani", anaelewa kwamba ya mezani ndiyo sumu, kisha jikoni inaongezwa zaidi ili asiitafute akishaketi.

Moto haugusi sodiamu. Chumvi huyeyuka kwa zaidi ya nyuzi joto 800, na sufuria ya mchuzi inayochemka iko kama nyuzi 100 tu. Chembe iliyoingia kwenye maharage saa nne asubuhi ni ileile itakayoingia kwenye damu saa nane mchana. Sababu ya madaktari kukemea chumvi ya mezani ni kwamba inakuja juu ya ile iliyokwisha kutiwa. Ukiambiwa uache ya mezani, acha, na ya jikoni nayo ipungue.

Wapo hata wanaokaanga chumvi kavu kwenye kikaango kwanza "ili iive". Hiyo inapoteza mkaa na madini joto (ayodini), na haibadilishi lingine lolote.

Chumvi inapandishaje presha?

Sodiamu huvuta maji. Ikizidi kwenye damu, mwili hushikilia maji zaidi ili kuizimua, na ujazo wa damu ndani ya mishipa huongezeka. Kazi ya kuitoa ni ya figo. Figo zenye nguvu huitoa kwa muda fulani, lakini mzigo ukiwa wa kila siku kwa miaka, mishipa midogo hukakamaa na kuta zake huwa nene, moyo husukuma kwa nguvu zaidi, na shinikizo linabaki juu hata usiku umelala. Mwishowe mshipa hupasuka au kuziba kwenye ubongo, na hicho ndicho kiharusi. Moyo hupanuka, figo huchakaa.

Ushahidi mmoja mzuri unatoka hapahapa Afrika Mashariki. Watafiti waliwafuatilia vijana wa Kiluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani, na matokeo yakachapishwa mwaka 1990. Waliohamia mjini presha zao zilikuwa juu kuliko za waliobaki, na mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi zaidi na potasiamu pungufu. Ukoo ule ule, umri ule ule. Kilichobadilika ni maisha na sahani. Miaka miwili kabla ya hapo utafiti mkubwa uitwao INTERSALT, uliopima watu zaidi ya 10,000 katika nchi 32, ulikuta kwamba Wayanomami wa msitu wa Amazon, ambao karibu hawatumii chumvi kabisa, presha yao haipandi wanavyozeeka. Sisi tumezoea kudhani presha ni mvi za ndani, kila mzee lazima aipate.

Babu yangu alikula chumvi maisha yake yote akafika miaka 90. Je?

Miili haifanani. Kuna ambao sodiamu ikiongezeka presha hupanda haraka, na wengine hupanda kidogo tu. Kwa wastani, watu wenye asili ya Afrika, wazee, wenye kisukari na wenye maradhi ya figo wamo kwenye kundi la kwanza. Babu yako huenda hakuwemo, au alilima kutwa na kula mihogo, ndizi na mboga za majani zenye potasiamu tele, inayosaidia figo kutoa sodiamu. Wewe unayekaa ofisini huna kinga yake kwa kuwa mjukuu tu. Pima. Presha haiumi, na kichwa kisichouma si kipimo.

Lakini si kuna wanasayansi wanaosema kupunguza chumvi sana nako kunadhuru?

Wapo, na ni haki kuwasikiliza. Mwaka 2014 utafiti wa PURE, wenye watu zaidi ya 100,000 katika nchi 17, ulionyesha kwamba wanaokula chumvi kidogo sana nao walikufa zaidi, kama wanaokula nyingi sana. Udhaifu wake ulikuwa kwenye kipimo: walikadiria ulaji wa mtu kwa mkojo wa mara moja wa asubuhi, na chumvi ya mtu hubadilika siku hadi siku. Tena mgonjwa mahututi hula kidogo kwa kuwa anaumwa, hivyo chumvi kidogo inaweza kuwa dalili ya ugonjwa badala ya chanzo. Mwaka 2022 ulichapishwa uchambuzi uliotumia mkojo wa saa 24 uliokusanywa zaidi ya mara moja, kwa watu zaidi ya 10,000. Huo ulionyesha mstari unaopanda moja kwa moja: kila miligramu 1,000 za sodiamu zinazoongezeka, hatari ya maradhi ya moyo na mishipa inapanda kwa asilimia 18.

Mimi nausadiki zaidi ule wa mkojo wa saa 24. Na kwa msomaji wa kawaida ubishi huu hauko karibu naye, maana unahusu watu walio chini kabisa, na wengi wetu tuko mbali juu ya hapo.

Chumvi iliyojificha iko wapi katika vyakula vyetu?

Anza na viungo vya mchuzi vya dukani, vya unga na vile vya vipande vilivyofungwa kwa karatasi. Kipande kidogo cha gramu 4 huwa na takriban gramu 2 za chumvi. Mpishi anatia chumvi, anaonja, kisha anavunjia vipande viwili "kwa ladha". Hapo ameongeza gramu 4 bila kugusa kopo la chumvi. Ukitumia kipande, kitangulize, onja, kisha uamue kama chumvi inahitajika tena. Mara nyingi haihitajiki.

Mkate wa dukani hauna ladha ya chumvi, lakini vipande vinne vinaweza kukupa gramu moja na nusu au zaidi. Tambi za dakika mbili: ile pakiti ndogo ya kiungo ndiyo yenye sehemu kubwa ya chumvi, kwa hiyo tumia nusu na nyingine uitupe. Soseji, nyama za kopo, siagi ya chumvi, krispi, tomato sosi ya chupa na sosi ya soya zote zimo.

Ukanda wa Pwani una jambo lake: papa mkavu, nguru wa chumvi, ng'onda. Ni vitamu na sisemi viachwe. Vilowekwe usiku kucha, maji yabadilishwe, vichemshwe na maji ya kwanza yamwagwe, na mchuzi wake usitiwe chumvi nyingine. Dagaa nao wanatofautiana: wa Ziwa Victoria kwa kawaida huanikwa tu juani, ila wengi wa baharini, kama wa Zanzibar, huchemshwa kwanza kwenye maji ya chumvi.

Ugali wetu tunausonga bila chumvi, na hiyo ni neema. Usianze kuutia.

Na magadi?

Magadi ni sodiamu pia, ingawa hayana ladha ya chumvi. Yanayolainisha makande, maharage na mlenda yanaongeza sodiamu kwenye chungu, na mwenye presha au maradhi ya figo ayahesabu. Yana jambo la pili: magadi yanayochimbwa ukanda wa Bonde la Ufa, upande wa kaskazini mwa Tanzania, mara nyingi yana floridi nyingi, ambayo kwa watoto huacha meno yenye madoa ya kahawia na ikizidi sana hudhuru mifupa. Maharage yaliyolowekwa usiku mzima yanalainika bila magadi. Yanachukua muda tu.

Chumvi ya mawe, ya bahari, ya waridi kutoka Himalaya: ipi salama zaidi kwa presha?

Kwa presha ni zilezile. Chumvi ya mashamba ya Kilifi au Bagamoyo, ya chemchemi za Uvinza, ya Ziwa Katwe kule Uganda, au ile ya waridi inayouzwa ghali supamaketi, karibu yote ni kloridi ya sodiamu. Rangi ya waridi ni chembe kidogo za chuma na madini mengine, kidogo kiasi kwamba ungehitaji kula chumvi ya kukuua ndipo upate faida yake. Chumvi ya mawe ina punje kubwa, kwa hiyo kijiko chake kinaweza kubeba uzito mdogo zaidi, na hilo pekee linawadanganya watu kuwa ni nyepesi.

Tofauti inayostahili kuulizwa ni moja: ina madini joto?

Kwa nini madini joto ni muhimu hivyo?

Kwa sababu bila hayo tezi ya shingoni haitengenezi homoni zake. Shingo huvimba rovu, mimba huharibika, na mtoto aliye tumboni anaweza kuzaliwa akiwa na ulemavu wa akili usiotibika. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, na mjamzito 250. Uswisi ilianza kutia madini joto kwenye chumvi mwaka 1922, jimbo la Michigan huko Marekani likafuata mwaka 1924, na hadi leo hakuna njia rahisi kuliko hiyo. Nyanda za juu, ambako mvua imeosha madini joto kwenye udongo, ziliumia zaidi.

Usidhani wa baharini wamepona kwa kula samaki. Uchunguzi wa Zanzibar ulikuta upungufu wa madini joto, hasa Pemba, ambako karibu chumvi yote iliyotumika haikuwa imetiwa madini hayo.

Kwa hiyo punguza chumvi, lakini hiyo kidogo unayotumia iwe ya paketi iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Iweke kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jiko, jua na unyevu, maana madini hayo hupotea. Chumvi ya mafungu iliyoanikwa sokoni kutwa nzima huenda haina tena kitu. Kuitia mwishoni mwa mapishi kunasaidia pia.

Nimesikia kuna chumvi ya potasiamu. Nibadilishe?

Kwa wengi ni wazo zuri sana. Huko China, katika vijiji 600 na watu karibu 21,000, nusu ya vijiji vilipewa chumvi yenye robo ya kloridi ya potasiamu. Matokeo yalitolewa mwaka 2021: kiharusi kilipungua kwa asilimia 14 na vifo kwa asilimia 12. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chumvi ya aina hiyo ichukue nafasi ya ile ya kawaida kwa watu wazima.

Pendekezo hilo haliwahusu wajawazito, watoto, wala wenye maradhi ya figo. Figo dhaifu haitoi potasiamu, na potasiamu ikipanda moyo unaweza kusimama. Wanaotumia dawa kama enalapril, lisinopril, losartan au spironolactone wamuulize daktari kwanza. Kwetu bado ni adimu na bei yake iko juu. Mchicha, maharage, ndizi, viazi vitamu na parachichi vinaleta potasiamu kwa bei ya soko, ila tahadhari ya figo ni ileile.

Presha ikishuka, nilambe chumvi?

Kizunguzungu si lazima kiwe presha ya kushuka. Kinaweza kuwa sukari, upungufu wa damu, malaria, njaa, au presha iliyopanda. Mtu wa presha ya kupanda akilambishwa chumvi kwa kudhaniwa imeshuka, anaongezewa mzigo. Mlaze, inua miguu yake, mpe maji kama ana fahamu, na mpimeni. Wapo wachache ambao daktari huwaongezea chumvi kwa sababu maalumu, na hao wameambiwa.

Mjamzito aache chumvi ili asivimbe miguu au asipate kifafa cha mimba?

Kukata chumvi hakuzuii kifafa cha mimba, na Shirika la Afya Duniani halishauri kufanya hivyo kwa lengo hilo. Ale kiasi cha kawaida chenye madini joto na ahudhurie kliniki. Kuvimba uso na mikono, kuumwa kichwa sana au kuona maruweruwe ni jambo la kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Mtoto aanze chumvi lini?

Kabla ya mwaka mmoja uji na chakula chake visitiwe chumvi kabisa. Maziwa ya mama yana ya kumtosha, na figo zake bado changa. Bibi ataonja na kusema chakula hakina ladha. Mwambie kwa heshima kwamba mtoto hajui ladha hiyo, na asipofundishwa mapema hataidai.

Mimi ni mbeba mizigo, natoka jasho kutwa. Nami nipunguze?

Jasho linatoa sodiamu, ndiyo, lakini milo miwili ya kibandani inarudisha yote na kuzidisha. Kinachokupungukia zaidi ni maji. Ukifanya kazi saa nyingi juani na mwili ukakakamaa, supu au maji ya ORS (unga wa pakiti wa kurudisha maji mwilini) vinatosha.

Maji ya chumvi na kuhara: yachanganywe vipi?

Hapa chumvi inaokoa maisha, kwa kipimo. Tumia pakiti ya ORS. Ikikosekana kabisa: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Sukari ndiyo inayoivusha sodiamu kwenye utumbo na maji yakafuata. Ukikosea ukatia chumvi nyingi unaweza kumuua mtoto uliyetaka kumwokoa. Onja: yasiwe na chumvi kuliko machozi.

Nje ya hapo, kunywa maji ya chumvi kama kinga ni hatari. Mwaka 2014, Ebola ilipoingia Nigeria, uvumi ulienea kwamba yanakinga, na watu wasiopungua wawili waliripotiwa kufa kwa kuyanywa.

Nipunguzeje bila chakula kuwa chapwa?

Polepole. Ulimi huzoea chumvi kidogo ndani ya wiki kadhaa, na baada ya hapo chakula cha zamani utakiona kikali. Punguza robo kwanza, kaa nayo wiki mbili tatu, kisha punguza tena. Ukikata yote siku moja, nyumba nzima itagoma.

Tia chumvi mwishoni. Mchuzi uliotiwa chumvi ukiwa na maji mengi unakolea kadiri maji yanavyokauka, na mpishi aliyeonja mapema amekwishapotea. Usimimine moja kwa moja kutoka kwenye paketi. Chota kwa kijiko kilekile kila siku ili ujue unatia kiasi gani. Ndimu ikikamuliwa wakati wa kupakua inaamsha ladha kuliko kitu kingine ninachokijua. Tangawizi, kitunguu saumu, pilipili, giligilani, tui zito na nyanya zilizokaangwa mpaka zikaiva vizuri vinaziba pengo. Chungu kiwe kimoja kwa wote: kumpikia mgonjwa chungu chake cha chukuchuku kunamtenga, na ataonja cha wenzake.

Serikali zinaweza kufanya nini?

Mengi. Afrika Kusini ilitunga kanuni mwaka 2013 zilizoweka kikomo cha sodiamu kwenye mkate, soseji, krispi, vipande vya mchuzi na vingine. Mkate ulitakiwa usizidi miligramu 400 kwa gramu 100 kuanzia Juni 2016, kisha 380 kuanzia Juni 2019. Mlaji hakuhitaji kusoma chochote. Jambo hilo linawezekana kwa mikate yetu na kwa vipande vya mchuzi, na lingefaa lidaiwe. Kwa sasa, soma lebo: sodiamu zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Ikiwa chumvi inazidi gramu 1.5 kwa kila gramu 100, ni nyingi.

Natumia dawa za presha. Bado nipunguze chumvi?

Ndiyo. Dawa nyingi za presha hufanya kazi vizuri zaidi chumvi ikiwa kidogo, na daktari akiona presha imetulia anaweza kupunguza dozi. Aamue yeye. Usiache vidonge kwa sababu umepunguza chumvi, wala usirudishe chumvi kwa sababu una vidonge. Kama umeanza kupunguza na unapata kizunguzungu kila unaposimama, hasa ukiwa unatumia dawa za kukojoza, rudi kliniki ukapimwe kabla ya tarehe yako.